Nishani za Keya: Mzee akidai haki yake si riya

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, tarehe 1 Novemba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza, akiwa ziarani nchini Kenya, alifika kwenye makaburi ya vita ya Kariokor mjini Nairobi. Hapo aliwakabidhi nishani wazee wachache waliopigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika jeshi la King's African Rifles, lile ambalo babu zetu walilijua kwa jina la Keya. Nishani zao za awali zilikuwa zimepotea. Inaelezwa kwamba wapo waliozitupa wenyewe enzi za Mau Mau, wakichelea kuonekana vibaraka wa mkoloni. Baadhi ya wazee hao walikuwa wamepita umri wa miaka mia moja, na tangu vita kumalizika ilikuwa imetimia miaka 78.

Mzee wa namna hii anapoomba nishani yake, maneno huwa mengi, hata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mmoja atauliza: mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi hivi, kipande cha chuma kitamfaa nini? Mwingine atasema kwamba alipigana vita vya mkoloni, basi asitafute sifa. Na wa tatu, ambaye hutaka kulipa jambo sura ya dini, atasema kuwa kutaka kutambuliwa ni riya. Inafaa tuyapime maneno haya kwa mizani ya dini yetu, kwa kuwa wazee waliobaki ni wachache mno na haki zao zinazikwa pamoja nao.

Walikokwenda babu zetu

Keya iliundwa mwaka 1902. Katika Vita Kuu ya Pili askari wake walipigana na Waitaliano huko Uhabeshi mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha wakavushwa bahari hadi Asia. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw, nchini Burma, katikati ya mvua za masika ya huko, njia zikiwa matope matupu na malaria ikiwaangusha watu sawa na risasi za Wajapani. Mwezi Desemba mwaka huo waliutwaa mji wa Kalewa, kwenye Mto Chindwin. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi kutoka pwani na bara, waliofunga na kuswali wakiwa ugenini.

Wengine hawakufika kabisa. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama katika muda wa dakika chache tu. Watu 1,297 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao hawana kaburi la kuzuriwa. Bahari ndiyo kaburi lao.

Waliosalimika walistahiki nishani za vita, zikiwamo Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma. Lakini kwa kawaida ya jeshi la nchi kavu la Uingereza baada ya vita, nishani hizo hazikujileta zenyewe. Ilimpasa mwenye haki aandike maombi. Msomaji atazame hali ya askari aliyerudi kijijini kwake, mwendo wa siku nzima kutoka posta, asiyejua kusoma Kiingereza. Tena nyota hizo zilitolewa na Uingereza bila ya jina la mwenyewe kuchongwa juu yake. Ikipotea, hapana kinachoonyesha kuwa ilikuwa ya nani.

Upungufu haukuwa wa nishani peke yake. Mwaka 2019 waandishi wa habari waliibua nyaraka za serikali ya Uingereza zilizoonyesha kuwa kiinua mgongo cha kuachishwa jeshi kilipangwa pia kwa rangi ya mtu, hata askari Mwafrika akalipwa kiasi cha theluthi moja tu ya alicholipwa mzungu wa cheo kile kile. Na mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi baada ya uchunguzi wake kubaini kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza na kwa sababu zake, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili, tena hata kwa herufi za Kiarabu tunazojifunza madrasa, lakini haina jina hata moja la marehemu.

Riya ni ipi?

Ni kweli kwamba Uislamu umeonya vikali juu ya kupigana kwa ajili ya sifa. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (SAW) ametueleza kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama ni mtu aliyepigana ili aitwe shujaa. Ataambiwa kuwa alikwishaitwa hivyo duniani, na kisha atatupwa motoni. Kila Muislamu na aiogope hadithi hii.

Hata hivyo, onyo hilo ni juu ya nia ya mtu alipotenda, na nia i moyoni mwake, aijuaye ni Allah. Halikuwapa ruhusa wale waliotumikiwa kuidhulumu haki ya aliyewatumikia. Katika Surat Hud, aya ya 85, Nabii Shuaib (AS) anawakataza watu wake kupunja vitu vya watu, na wanavyuoni wamelieleza katazo hilo kuwa linaingia katika haki za kila namna. Na katika hadithi ya Qudsi aliyoipokea Imam Bukhari, Mwenyezi Mungu ametaja watu watatu ambao Yeye atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake. Mkataba ulipokuwapo, haki ipo, awe aliyeajiri ni Muislamu au si Muislamu.

Na nishani ni nini ikiwa si ushahidi? Inashuhudia kwamba fulani alikuwapo mahali fulani, akafanya kazi fulani. Anayeiomba kwa kuwa ni yake anaomba ukweli uandikwe. Riya ni kujionyesha kwa usichokuwa nacho, au kuitia ibada yako machoni mwa watu. Mtume (SAW) amemfananisha mwenye kujishibisha kwa asichopewa na aliyevaa nguo mbili za uongo. Afrika Mashariki yetu imeliona hilo. Idi Amin, aliyetawala Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, aliandikishwa Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, lakini akaja kujipa mwenyewe nishani iliyoigwa Victoria Cross, ile ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Huyo alivaa asichopewa. Mzee wa Burma anaomba alichonyimwa. Hawa wawili hawawekwi katika mizani moja.

Mfano wa Sayyidna Umar

Tukitaka kujua namna mtawala muadilifu anavyowatazama waliotumika, tumtazame Khalifa wa pili, Umar bin Khattab (RA). Alianzisha daftari la majina ya watu na posho zao, na akawatanguliza waliotangulia. Waliopigana Badri aliwapangia elfu tano kwa mwaka. Wahajiri wa mwanzo aliwapa elfu nne, lakini mwanawe Abdullah akampa elfu tatu na mia tano, kwa kuwa alihama akiwa na wazazi wake, si kwa juhudi yake mwenyewe. Haya yamo katika Sahihi Bukhari.

Humo humo imepokewa kwamba siku moja Umar aligawa nguo kwa wanawake wa Madina, ikabaki moja nzuri. Akashauriwa ampe mkewe, Ummu Kulthum binti Ali. Akakataa, akasema kuwa Ummu Salit, mwanamke wa Kiansari, anaistahiki zaidi, kwani siku ya Uhud ndiye aliyekuwa akiwabebea viriba vya maji. Miaka mingi ilikuwa imepita, na mwanamke huyo hakuomba. Mtawala alikumbuka.

Na siku nyingine mjane kijana alimsimamisha Umar sokoni, akamwambia ameachiwa watoto wadogo na kwamba baba yake alihudhuria Hudaibiya. Umar hakumwambia anajitafutia sifa kwa jina la baba yake. Alisimama naye, kisha akampa ngamia aliyejazwa chakula na nguo. Mtu mmoja aliposema kuwa amempa kingi, Umar alimkemea, akakumbusha kuwa baba na ndugu wa mwanamke yule waliizingira ngome kwa muda mrefu hadi ikafunguka. Hapa pana dalili kwamba hata mtoto wa mpiganaji anaweza kusimama kuidai heshima ya mzazi wake.

Haki bila ya ushahidi

Tatizo kubwa la wazee wetu ni ushahidi. Inasimuliwa kuwa mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari Waafrika waliokuwa hai ambao walipigana chini ya von Lettow-Vorbeck, walijitokeza wazee wengi mjini Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani acheze gwaride la bunduki. Hapana aliyeshindwa. Viungo vyao vilikuwa vimehifadhi kile ambacho karatasi zilipoteza.

Si kila mzee atapata mtihani mwepesi kama huo. Ndiyo maana Surat al-Baqara, katika aya za 282 na 283, imetuamrisha kuandika madeni na ikakataza kuficha ushahidi. Mwenye mzee wa vita nyumbani, au aliyeachiwa sanduku lake, na alifungue leo. Atafute cheti cha kuachishwa jeshi, namba ya askari, jina la batalioni, na picha. Aandike kwa tarehe kila alichosimuliwa. Ofisi ya nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza hupokea maombi ya nishani za Vita Kuu ya Pili ambazo hazikuchukuliwa, hata kutoka kwa warithi wa marehemu. Vyama vya wapiganaji wa zamani navyo huweza kuonyesha njia.

Tusikate tamaa kwa sababu ya miaka. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, vijana Waislamu wa Dar es Salaam waliopigana Burma kisha wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954, walitunukiwa Nishani ya Mwenge wa Uhuru mwaka 2011, nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru. Abdulwahid alikuwa amefariki tangu 1968. Ally aliiona kabla ya kufariki mwaka 2013. Mmoja alichelewa kukumbukwa, mwingine alidirikiwa. Wazee tulio nao leo nao wawahiwe.

Na kwa wale ambao hapana tena cheti wala shahidi, tunayo faraja. Baada ya vita vya Nahawand, mwaka wa 21 Hijria, Umar alitajiwa majina ya waliouawa, kisha akaambiwa wapo na wengine asiowajua. Umar akalia, akasema haiwadhuru kitu kutojulikana na Umar, maadamu Allah anawajua.

Faraja hiyo ni ya waliodhulumiwa, haikuwa kinga ya waliodhulumu, wala udhuru wetu sisi wa kukaa kimya. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape afya walio hai, na atujaalie tuwe wenye kusimamisha ushahidi kwa ajili Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.