Panya wa darini na mwarobaini: wageni wetu wawili

Wadau, Mchafukoge kuna wageni wawili wa kutoka Bara Hindi ambao siku hizi hakuna anayewaita wageni: panya wa darini na mwarobaini. Mmoja tunamtegea, mwingine tunaweka benchi chini yake tunapiga stori.

Tuanze na panya. Huyu sio yule mnene wa kwenye mitaro. Wa darini ni mwembamba, masikio makubwa, mkia umezidi kichwa na kiwiliwili kwa pamoja, na huo mkia ndio unamsaidia asianguke akikatiza juu ya waya. Alifika na vyombo vya baharini zamani sana. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu, mji ulioanza karne ya 7. Mimba yake ni wiki 3 hivi, na mtoto akifika miezi 3 naye anaweza kuanza kuzaa. Piga hesabu mwenyewe.

Mwarobaini nao hauko nyuma. Ndege na popo wanakula tunda, mbegu wanaiangusha popote, baadaye unashtukia mche umeota kwenye ufa wa ukuta. Eti unatibu maradhi 40 (mimi naona hapo chumvi imezidi). Kilichothibitishwa ni kwamba mbegu zake zina azadiraktini, kitu kinachowavuruga wadudu wasile wala wasikue. Ila mafuta yake usimnyweshe mtoto mchanga, yanaweza kumletea degedege.

Sasa usidhani huo uchungu unamzuia panya kupanda. Kwake lile gome lenye mikwaruzo ni ngazi, na tawi linalogusa bati ni daraja. Wewe unahangaika na sumu chumbani, mwenzio anaingilia juu kwenye upenyo wa sentimita moja na nusu tu.

Na hasara sio mfuko wa unga peke yake. Mkojo wa panya unaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ile iliyoua watu 3 kule Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Vinaingia kwenye michubuko ukikanyaga maji machafu, na mvua ikinyesha mjini mnajua wenyewe mitaro inavyokuwa.

Mti msiukate jamani, kivuli mjini adimu. Punguzeni matawi yakae mita 2 hivi kutoka kwenye paa, zibeni matundu kwa wavu wa chuma (mbao anatafuna), halafu ndio mtege. Waya zinazotoka kwa jirani je? Hapo mwambieni naye azibe upande wake.