Sitara Inayoponya na Ukimya Unaodhuru

Yapo maradhi ambayo majumbani mwetu hayatajwi ila kwa kunong'onezana. Kaswende ni mojawapo. Twanyamaza kwa kuchunga heshima, na heshima ni jambo jema; lakini historia yatufunza kwamba sitara ni kitu kimoja na ukimya ni kitu kingine. Wiki hii tumechagua kisa cha Uingereza, kwa kuwa kilihusu miji ya bandari, nasi ni watu wa bandari.

Mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupambana na magonjwa ya zinaa, kwa hofu kuwa yalikuwa yakiwadhoofisha askari na mabaharia. Katika miji ya bandari na ya kambi za jeshi, kama Portsmouth na Plymouth, polisi waliweza kumshika mwanamke waliyemshuku kuwa kahaba, akalazimishwa kupimwa. Akionekana mgonjwa, alizuiliwa hospitalini hadi miezi mitatu. Kufikia 1869 muda huo ulikuwa umefika miezi tisa. Mwanamume aliyemwendea hakuguswa na sheria hiyo. Kama alikuwa na mke, alirudi kwake na maradhi yake.

Bibi mmoja, Josephine Butler, mke wa kasisi, alisimama mwaka 1869 kuongoza wanawake wenziwe kuipinga. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kosa ni la wawili, adhabu yawaje ya mmoja? Alitukanwa na mikutano yake ikashambuliwa, lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1886 sheria hiyo ilifutwa.

Maradhi, hata hivyo, yalikuwa yangalipo. Elimu ya tiba ilipiga hatua: mwaka 1906 kilipatikana kipimo cha damu cha kaswende, na 1910 ikatoka dawa ya Salvarsan, kazi ya Paul Ehrlich na Sahachiro Hata. Mwaka 1916, baada ya uchunguzi wa tume maalumu, serikali ya Uingereza ilizitaka halmashauri zifungue zahanati za magonjwa haya kwa masharti matatu: matibabu yawe bure, yawe ya siri, na mgonjwa aje kwa hiari yake. Robo tatu ya gharama ililipwa na serikali kuu. Aliyekuwa akijificha kwa aibu sasa alikuwa na mlango wa kuingilia. Kisha, mwaka 1943, John Mahoney wa Marekani alionyesha kuwa penisilini huponya kaswende.

Tuzingatie tofauti. Sheria ya kwanza ilimfedhehesha mwanamke ikamwacha mwanamume. Mpango wa pili uliwasitiri wote wawili ukawatibu. Hiyo ndiyo sitara tunayoijua katika dini yetu: kumfunika mja aibu yake huku ukimsaidia, si kuifunika hatari mpaka imfikie asiye na hatia.

Na asiye na hatia mara nyingi ni mtoto. Kaswende ya mama mjamzito isiyotibiwa huweza kuharibu mimba, kumfisha mtoto tumboni, au kumzalisha akiwa mgonjwa. Dalili zake huweza kutoweka zenyewe ilhali ugonjwa umebaki mwilini, ndiyo sababu damu hupimwa kliniki hata kwa mama ajionaye mzima. Ukionekana mapema, penisilini huutibu na humkinga mtoto.

Basi, mama, usiikwepe kliniki kwa kuona haya, anza mapema. Nawe baba, mkeo akiambiwa uje upimwe, nenda, kwani akitibiwa mmoja tu, maradhi hurudi. Na sisi jamaa, wakwe na majirani, tusimhukumu mwanamke kwa kipimo cha damu: wangapi waliletewa ugonjwa nao wametulia majumbani mwao? Mtume wetu (s.a.w.) ametuamuru kujitibu, na kumstiri mwenzetu pia ni amri yake. Yote mawili yatoshana katika nyumba moja.

Mola atupe afya, sisi na vizazi vyetu. Amin.