Mbegu 70,000 na Hesabu ya Zilizokufa

Mwaka 1819 daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Uchina, John Livingstone (si yule David wa Ujiji), alipiga hesabu ya kusikitisha. Miche iliyonunuliwa Canton na kupakiwa melini kwenda Uingereza ilikuwa ikifa kwa chumvi, kiu na baridi, na kwa makadirio yake, katika kila 1,000 ulifika hai mmoja tu. Bei ya mche ilikuwa wastani wa shilingi 6 na peni 8. Ule mmoja uliosalimika, basi, ulikuwa umemeza zaidi ya pauni 300.

Tumezoea kusimuliwa habari za wakusanyaji mimea wa karne ya 19 kama visa vya mashujaa waliopenya msituni. Mimi naona visa hivyo vinaficha jambo kubwa. Kupenya msituni kulihitaji watu wachache na muda mfupi. Kilichoamua nani atajirike ni uwezo wa kubeba hasara: kupoteza mimea 96 katika kila 100 na bado ukawa na meli, vitalu na fedha za kuendelea na ile minne.

Hasara ya Livingstone ilianza kupungua kwa bahati. Mnamo 1829 daktari wa London, Nathaniel Ward, alifukia buu la nondo kwenye udongo ndani ya chupa iliyofunikwa, akingoja litoke. Badala yake zikaota nyasi na kangaga. Maji yalipanda kama mvuke, yakaganda kwenye kioo, yakashuka tena kwenye udongo. Ward akatengeneza sanduku la mbao na vioo kwa kanuni hiyohiyo, na mwaka 1833 akapeleka mawili Sydney, yakiwa yamesheheni mimea. Mimea ikafika hai. Sasa mche ungeweza kukaa sitahani miezi kadhaa bila kuomba tone la maji ya mabaharia.

Lakini sanduku lilifaa miche. Kwa mpira, ambao Waingereza walitaka kuuhamisha kutoka Amazon, tatizo lilikuwa mbegu. Mbegu ya mpira wa Amazon ni ya kahawia yenye madoa, kama nyonyo iliyonenepa kupita gololi, na ndani imejaa mafuta yanayochacha haraka. Si kama mahindi unayoyaning'iniza juu ya moshi wa jiko hadi masika. Ndani ya wiki chache imekufa. Mwaka 1873 bustani ya Kew, karibu na London, ilipokea mbegu 2,000. Zikaota kama 12 hivi. Sita zikapelekwa Calcutta, nazo zikafa.

Serikali ya India, iliyokuwa chini ya Waingereza, haikukata tamaa. Ikamwahidi Henry Wickham, Mwingereza aliyekuwa akihangaika na kilimo kando ya mto Tapajós huko Brazil, pauni 10 kwa kila mbegu 1,000. Mapema mwaka 1876 akaingia msituni na Watapuyo, wenyeji waliojua mti upi ni upi na lini tunda lake hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu. Wao ndio waliookota. Wanawake wao wakasuka matenga ya henzirani yenye matundu, na mbegu zikapangwa humo kwa matabaka, kila tabaka likitenganishwa na jani kavu la mgomba, kisha yakatundikwa melini ili hewa ipite. Katika simulizi yake Wickham anawataja kwa jumla tu, bila jina la mtu.

Juni 1876 mbegu zipatazo 70,000 ziliwasili Kew. Zilizoota ni takribani 2,700, yaani chini ya asilimia 4. Tugawanye. Pauni 700 kwa miche 2,700 ni shilingi 5 na peni 2 hivi kwa mche. Hapo nauli, vitalu vya vioo na mishahara ya watunza bustani havimo, na mbegu si sawa na mche wa Canton. Hata hivyo, kutoka pauni 300 hadi shilingi 5 ni mteremko wa kutisha. Na pesa hizo hazikutoka mfukoni mwa Mwingereza: hazina ya India ilijazwa na kodi za Wahindi.

Agosti mwaka huohuo miche 1,919 ilisafirishwa kwenda Ceylon (leo Sri Lanka) ndani ya masanduku 38 ya Ward, wastani wa 50 kwa sanduku. Mwaka 1877 miche 22 ikafika Singapore. Ikakaa karibu miaka 20 bila wakulima kuitilia maanani, mpaka Henry Ridley, mkuu wa bustani ya huko, alipoonyesha namna ya kugema utomvu mara kwa mara bila kuua mti. Kufikia 1913 mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umeupita kwa wingi ule wa msituni. Ratili moja, iliyofika zaidi ya shilingi 12 mjini London mwaka 1910, ikaporomoka.

Poromoko hilo lilitufikia. Walowezi wa Kijerumani walikuwa wamejaza Muheza na vitongoji vya Tanga mpira wa aina nyingine, wa Ceará, na mwaka 1913 mashamba hayo yakafilisika. Kilichobaki imara ni mkonge, wenye hesabu yake. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai Hamburg ilikuwa 200. Iliyoshushwa Tanga ikiwa hai, na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani, ilikuwa 62.