Ruhusa ya Folda Moja

Programu ya kuandikia msimbo inapotaka kuingia kwenye folda ya Documents katika kompyuta ya Mac, kidirisha hujitokeza: ikubaliwe au ikataliwe? Wengi hukubali bila kusoma, kwa kuwa kazi inasubiri.

Swali hilo lilikuja na macOS Catalina, mwaka 2019. Kabla yake, programu nyingi zilirithi uwezo wote wa aliyezifungua. Unix, mfumo uliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ulijali faili ni la nani na nani anaruhusiwa kulisoma. Haukuuliza ni programu gani inayolisoma kwa niaba yake.

Hatari ya kurundika mamlaka kwenye programu ilisimuliwa na Norm Hardy, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, mwaka 1988. Katika kampuni ya Tymshare, kompaila, yaani programu ya kutafsiri msimbo, iliruhusiwa kuandika kwenye folda ya mfumo ili itunze takwimu za matumizi. Humohumo lilikuwamo faili la ankara, BILL. Mtumiaji mmoja akaiagiza kompaila iweke matokeo yake kwenye faili la jina hilo. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa, lakini kompaila ilikuwa nayo. Ikaandika, na kumbukumbu za ankara zikapotea. Kompaila haikuharibika: ilibeba mamlaka ya mabwana wawili, isijue inatumia ya nani.

Dawa bora ni kuifanya ruhusa itokane na kitendo cha kuchagua. Tangu 2012, Apple imezitaka programu za Mac App Store zifungiwe ndani ya uzio (sandbox), zisifikie faili bila ruhusa. Mtumiaji wa programu ya msimbo akibonyeza kufungua mradi, dirisha la kuchagulia folda huendeshwa na mfumo, si programu. Akichagua folda ya mradi mmoja, programu hupata folda hiyo na vilivyomo tu. Funguo zake za siri za SSH, za kuingilia kompyuta nyingine, zilizo kwenye folda nyingine, haizioni. Hata baada ya kuzima kompyuta, programu huweza kutunza alama ya ruhusa hiyo, isilazimike kuomba upya.

Terminali, programu ya kuandikia amri, ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ikipewa ruhusa ya kufikia diski nzima, kila skripti inayoendeshwa humo hufaidika na ruhusa hiyo, hata iliyopakuliwa dakika hiyo. Ruhusa hizo zinaonekana kwenye mipangilio ya faragha na usalama, na kila moja ina swichi yake ya kuzimia.