Chemchemi si majira: Neno lililomponza mtoto wa Mfangano

Jumapili iliyopita nilikuwa katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, nikitafuta omena. Hiyo ndiyo siku soko hilo hufurika kuliko siku zote, na asiyefika mapema hupata mabaki. Mama mmoja muuzaji, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, aliposikia kwamba mimi ndiye huandika safu hii, aliweka gorogoro lake kando, akafuta mikono kwenye leso na kutoa daftari mkobani. Alikuwa amelibeba amwonyeshe mpwawe anayesoma chuo hapa mjini.

"Mwalimu, hebu niangalilie hii maneno. Huyu mtoto amekosea wapi?"

Daftari lilikuwa la bintiye. Swali la insha lilisema hivi: "Eleza maisha ya kila siku kisiwani kwenu wakati wa majira ya chemchemi." Mtoto alikuwa ameandika ukurasa mmoja na nusu kuhusu chemchemi iliyo chini ya mlima Kwitutu. Alieleza jinsi maji yake yanavyopungua Januari hadi mtu akakinga kwa kikombe, na jinsi yanavyorudi kwa nguvu mvua kubwa zikianza. Wasichana huacha kuteremka ziwani na mitungi. Akina mama hukutana hapo asubuhi, wakaulizana nani ameshapanda na nani bado anangoja. Ilikuwa insha safi. Chini yake kalamu nyekundu iliandika: "Umetoka nje ya mada. 6/20."

Nilimwambia mama nitamjibu kupitia gazeti. Jibu langu ni kwamba mtoto hakukosea. Kosa limo katika swali.

Katika Kiswahili, chemchemi ni mahali maji yanapobubujika kutoka ardhini. Halijawahi kuwa jina la majira. Kilichotokea ni kwamba mtu alichukua swali la Kiingereza akalitia kwenye programu ya kutafsiri, nayo ikakutana na neno 'spring'. Sasa neno hilo ni kama mfanyakazi wa nyumba aliyeajiriwa kupika, akajikuta anafua na kuchunga watoto pia. Lina maana ya maji yanayotoka ardhini, ambayo sisi tunaiita chemchemi. Lina maana ya waya uliojizongazonga ndani ya saa au godoro, ambao kamusi huuita kamani na fundi wa Kibuye huuita springi. Lina maana ya kuruka. Likiungana na neno la maji kujaa na kupwa, huwa bamvua, jambo ambalo mvuvi wa Lamu hulijua vizuri lakini wa Mfangano halimhusu, kwa sababu ziwa halina kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho. Mwisho, ni jina la majira ya Ulaya yanayofuata baridi kali. Programu hiyo ilichukua maana ya kwanza iliyoiona, na mwenye kutunga swali hakuangalia. Siku hizi "majira ya chemchemi" yamezagaa mitandaoni kiasi kwamba hata watu wazima wanadhani ni Kiswahili cha vitabuni.

Majira hayo ya Ulaya yana jina lake kwetu: majira ya machipuko, au majira ya kuchipua. Limetokana na kitenzi chipua, na linaeleza vizuri hali ya nchi ambazo miti hupukutisha majani yote, ikakaa uchi miezi kadhaa, kisha ikatoa machipukizi siku zinaporefuka. Ukiandika kuhusu London au Chicago, tumia hilo bila wasiwasi.

Lakini hata swali lingeandikwa "majira ya machipuko", bado lingekuwa limemtupa mtoto huyu mbali. Mfangano iko karibu kabisa na ikweta. Jua la Machi na jua la Desemba huchomoza karibu saa ile ile. Hakuna miti inayongoja siku zirefuke. Kinachobadilika kule ni mvua, upepo na samaki.

Wapo watakaosema basi tutumie majina ya pwani: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Naafiki kwa sehemu. Masika, yaani mvua ndefu za Machi hadi Mei, ni neno linalolingana na hali ya ziwa bila kulazimishwa, na kila mwanafunzi wa Kenya amelisoma. Vuli nalo halina taabu. Hata hivyo tukumbuke kwamba majira ya pwani yamefungamana na pepo mbili za bahari, kaskazi na kusi, zilizokuwa zikileta na kurudisha majahazi. Ziwa lina upepo wake wa kila siku: usiku huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini, mchana hurudi kutoka majini kuja nchi kavu. Mvuvi wa omena hutoka jioni na kurudi asubuhi, na anaufahamu upepo huo kama tunavyofahamu ratiba ya matatu. Kumuuliza kuhusu kusi ni kumuuliza habari za mtaa wa watu wengine.

Kwa Dholuo, ambayo ndiyo lugha ya nyumbani ya watoto wengi wa Mfangano leo (Olusuba, lugha ya Kibantu ya wazee wao, UNESCO imeiweka miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka), mwaka una chwiri, mvua ndefu; opon, mvua fupi; na oro, ukame. Chwiri si habari ya mawingu tu. Ndio wakati wa golo kodhi, kutoa mbegu, na katika desturi ya Waluo mbegu hutolewa kwa daraja. Mwenye boma hutangulia, mke wa kwanza kabla ya wa pili, kaka mkubwa kabla ya mdogo. Mdogo akiwa na jembe tayari na mvua inanyesha, lakini mkubwa yuko Nairobi na hajatuma hela ya mbegu, mdogo hungoja. Wiki mbili za kungoja zaweza kula mavuno ya nyumba nzima. Kwa hiyo mtoto aliposema akina mama waulizana "nani ameshapanda na nani bado anangoja", hakuwa anapamba insha. Alikuwa anaripoti jambo zito, na msahihishaji akalipita kwa kalamu.

Jambo la pili la msimu huu nililisikia kwa mama mwenyewe. Nilipouliza mbona gorogoro limepanda bei, akasema: "Na omena si inafungwa, mwalimu? Nikimaliza hii, sijui."

Msomaji wa Dar es Salaam angedhani inafungwa kwenye mifuko. La. Kwa kanuni za uvuvi za Kenya, uvuvi wa omena husimamishwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki hao wazaane. Watu wa ziwani wamelifupisha hilo kuwa "omena imefungwa", na mimi nasema wamelifupisha kwa ufundi. Tazameni upatanisho. Omena, au dagaa kwa Kiswahili cha vitabuni, ni viumbe hai, kwa hiyo sarufi inataka "wa": dagaa hawa wamekauka. Lakini hakuna anayesema "omena wamefungwa", kwa sababu hiyo ingekuwa na maana kwamba samaki wenyewe wametiwa kamba, au wamepelekwa jela ya Kodiaga. Kinachofungwa ni shughuli, biashara nzima, ndiyo maana wanatumia "i". Mwalimu akikuta "omena imefungwa" kwenye insha, asiharakishe kusahihisha.

Hapo ndipo maisha ya kila siku ya kisiwa wakati wa masika yanapoonekana. Hata kabla ya tarehe 1, mvua huwa imeanza kuharibu kazi: omena huanikwa juani, na isipokauka siku hiyo huoza au huuzwa kwa bei ya chini iwe chakula cha kuku. Baada ya kufungwa, mitumbwi hupinduliwa ufukweni nyufa zizibwe, nyavu hushonwa, na mikono iliyokuwa ikianika samaki hushika jembe kupalilia mahindi na mtama. Wanaovua mbuta na ngege huendelea, ila omena ndiyo iliyokuwa ikitia shilingi mkononi mwa akina mama kila wiki. Muhula wa pili wa shule huanza wakati huo huo. Karo hutafutwa kwenye nyoluoro, yaani chama cha kuchangiana kwa zamu, ambamo wanachama wote huwa wamefungiwa pamoja. Mama huyu hununua omena ya kutoka ng'ambo ya mpaka ikipatikana, anailipia ghali, kisha sisi wateja wa Kibuye tunamwita mwizi.

Kuna jambo moja dogo la lugha ambalo huenda lilimsukuma mtoto upande ule. Kwa Dholuo, chemchemi huitwa soko. Aliposoma swali, bila shaka aliona soko la nyumbani kwao, pale chini ya mlima. Na mamake wakati huo alikuwa kwenye soko lingine, la Kiswahili, akipima omena kwa gorogoro. Sijui lugha nyingine mbili za jirani zilizofanya mzaha wa namna hii.

Kwa watunzi wa maswali, basi: swali likimhusu mtoto wa ziwani, andikeni "wakati wa masika" au "msimu wa mvua ndefu". Likihusu Ulaya, andikeni "majira ya machipuko". Mtoto akitia chwiri kwenye mazungumzo ya wahusika, akalifungia alama za kunukuu, mwacheni. Na aliyepewa "majira ya chemchemi" akaandika habari za maji, asahihishwe kwa kile alichoulizwa kwa Kiswahili.

Nilimweleza mama haya yote kwa kifupi pale pale kwenye meza yake, nikamwambia nitaandika pia barua ndogo ampe mwalimu. Alifikiri kidogo, akanipimia gorogoro langu na kuongeza mkono mmoja juu.

"Andika," akasema. "Lakini andika pole pole, mwalimu. Mtoto bado anasoma kwake."

Barua iko tayari. Nimeiandika pole pole, na nitaipeleka Kibuye Jumapili.