Malindi na Uwanja Wake: Ndoto Isiyopata Mahali pa Kutua

Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja iliyo nje kidogo ya mji wa Malindi. Mada niliyopewa ilikuwa matumizi ya lugha, wala si usafiri. Hata hivyo, tulipokuwa katikati ya mazungumzo, mngurumo wa ndege ulisikika juu sana, na darasa zima likainua macho kuelekea dirishani. Msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, mbona zile ndege kubwa za watalii hutupita juu kwa juu zikaenda kutua Mombasa, ilhali watalii wenyewe wanakuja huku kwetu?"

Nilimjibu kwa maneno mawili matatu kuhusu ufupi wa njia ya kurukia ndege, kisha nikarejea kwenye somo langu. Lakini swali lile halikuniacha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiambia kwamba mtoto yule alistahili jibu refu zaidi, na makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo.

Msomaji atakumbuka kwamba Malindi si mji wa jana. Mnamo 1415 wajumbe wake walimfikishia mfalme wa China zawadi ya twiga, mnyama ambaye watu wa huko walimshangaa kupita kiasi. Mnamo 1498 Vasco da Gama alipofika pwani hii, ni Malindi iliyompa rubani wa kumvusha bahari hadi Calicut, Bara Hindi. Walimu wenzangu wa Kiswahili watatambua kwamba hapa neno "rubani" linatumika kwa maana yake ya awali, yaani mtu anayekiongoza chombo baharini, kabla halijapanda angani kumwelezea mwendesha ndege. Na katika karne ya ishirini, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa mji huu, Waitaliano walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Basi tazama kinaya cha mambo. Pwani iliyowahi kupeleka twiga China, ikatoa marubani wa bahari kuu na kurusha vyombo hadi nje ya anga ya dunia, leo ina uwanja wa ndege ambao njia yake kuu haizidi kilomita 1.4 kwa urefu. Uwanja wenyewe uko karibu sana na mji, kiasi kwamba abiria huweza kupanda tuktuk akafika hotelini baada ya dakika chache. Ndege za rafadha zenye viti sabini na ushei hutua na kuondoka bila taabu, na safari ya Nairobi huchukua takriban saa moja. Lakini ndege za jeti zinazotumiwa na mashirika mengi ya kimataifa haziwezi kuondoka hapo zikiwa zimejaa abiria na mafuta. Kwa sababu hiyo, mgeni anayetoka Ulaya hushuka Mombasa, ambako njia ya ndege inapita kilomita 3.3, kisha husafiri kwa gari takriban kilomita 120 akipitia Mtwapa na Kilifi, baada ya usiku mzima wa kukaa kitini.

Dawa inayopendekezwa inajulikana. Serikali moja baada ya nyingine imezungumzia kuirefusha njia hiyo ifikie takriban kilomita mbili na nusu. Wagombea wa viti wameliimba jambo hilo majukwaani, mawaziri wamezuru, na picha zimepigwa. Kwa nini basi mzigo hausogei?

Jibu liko ardhini, si angani. Njia ya ndege haiwezi kurefushwa bila kuchukua mashamba na makazi ya watu walio jirani na ua wa uwanja. Kwa miaka mingi kumesikika malalamiko kuhusu fidia: nani alipwe, alipwe kiasi gani, na alipwe lini. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inasema wazi kwamba serikali ikitwaa mali ya mtu kwa manufaa ya umma, sharti imlipe fidia ya haki, kamili na bila kukawia. Haya ni maneno mazuri. Lakini katika pwani yetu mtu huweza kuishi mahali alipozaliwa babu yake na bado asiwe na karatasi ya kuthibitisha kwamba mahali hapo ni pake. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa pwani wawasilishe madai yao ili yasajiliwe. Wengi, hasa katika jamii za Wamijikenda, hawakufanya hivyo, na ardhi yao ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota katika nchi ya mababu zao. Mtu wa aina hiyo akiambiwa kwamba uwanja wa ndege unakuja, hujiuliza kama atalipwa kwa ardhi, au kwa minazi na mikanju tu, au asilipwe kitu.

Kwangu mimi, dhuluma kubwa zaidi si ile ya kuhamishwa, bali ni ile ya kungojezwa. Mtu aliyehamishwa akalipwa anaweza kuanza maisha mapya. Mtu aliyeambiwa tangu ujana wake kwamba atahama, na bado hajahama, hawezi kujenga nyumba ya mawe kwa kuwa huenda ikabomolewa, hawezi kupanda mnazi utakaozaa baada ya miaka, hawezi kuuza kwa kuwa hakuna mnunuzi, wala hawezi kuweka shamba rehani ili alipe karo. Amefungwa bila kamba. Watoto wa nyumba kama hizo wamo madarasani mwetu, na mwalimu anayeshangaa kwa nini karo haifiki huenda akapata sehemu ya jibu kwenye mpaka wa uwanja wa ndege.

Hata hivyo, haifai tulie juu ya fidia pekee na kusahau kuuliza swali la pili: je, njia ikirefushwa, ndege zitakuja? Hapa inatupasa tuwe wakweli, maana mapenzi ya mji wetu yasitupofushe. Eldoret ilipata uwanja wa kimataifa katika miaka ya 1990, wenye njia ya takriban kilomita 3.5, nao ukakabiliwa kwa muda mrefu na lawama kwamba ulijengwa kwa siasa kuliko kwa hesabu. Ndege za mizigo hushusha bidhaa pale, lakini safari za abiria wa kimataifa hazikuwa kama zilivyotabiriwa. Kisumu nayo ilirefushiwa njia ikafikia kilomita 3.3, na mnamo 2011 Rais Mwai Kibaki akaifungua. Wakazi walitarajia ndege kutoka kila pembe ya dunia, lakini abiria wengi wa Kisumu wamebaki kuwa wale wa kwenda na kurudi Nairobi. Saruji na lami hazimwiti msafiri. Kinachomwita ni shughuli iliyopo mahali anakokwenda.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wa fizikia wanaweza kulieleza vizuri kuliko wanasiasa. Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi. Bawa la ndege hupata nguvu ya kuinuka kutokana na hewa inayolipitia, na hewa ikiwa nyepesi, ndege hulazimika kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuiacha ardhi. Eldoret, iliyo zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ina tatizo la hewa nyembamba kwa ajili ya kimo chake. Malindi haina tatizo la kimo, lakini ina jua kali. Kwa hiyo hata tukiwa na kilomita mbili na nusu, ndege kubwa iliyojaa abiria na mafuta ya kuifikisha Italia bila kutua njiani huenda ikalazimika kupunguza mzigo. Ndege za wastani za kwenda Entebbe, Kigali, Addis Ababa au Unguja zingeweza kutumia uwanja huo kwa urahisi zaidi. Nadhani hilo ndilo lengo linalofaa kuwekwa mbele ya wananchi, badala ya kuwaahidi Roma na Milan kila baada ya miaka mitano.

Tena, utalii ni mti mmoja tu, nao umeonyesha mara nyingi kwamba hutikisika upesi. Mashambulizi ya kigaidi ya 2013 na 2014 yalizifanya nchi za magharibi kuwaonya raia wao wasije katika sehemu za pwani, na hoteli kadhaa za eneo hili zikafunga milango. Mnamo 2020 maradhi ya Korona yakafunga anga ya dunia nzima, na Italia, nchi iliyotuletea wageni wengi kuliko nyingine, ikawa miongoni mwa zilizoumia mapema na vibaya. Uwanja unaotegemea watalii peke yao utakuwa na msimu wa shibe na msimu wa njaa. Lakini Malindi na viunga vyake vina maembe, vina samaki, na vina wagonjwa wanaohitaji kufikishwa haraka kwenye hospitali kubwa. Samaki na maembe havingoji: huhitaji vyumba vya baridi, maofisa wa ukaguzi wa mazao na nauli ya mzigo isiyomfilisi mkulima. Mambo hayo hayahitaji hata mita moja zaidi ya njia ya ndege ili yaanze.

Kwa maoni yangu, basi, yako mambo matatu ya kufanya, na kwa mpangilio huu. Kwanza, serikali kuu, ambayo kwa mujibu wa Katiba ndiyo yenye mamlaka juu ya usafiri wa anga, itangaze hadharani ni vipande vipi vya ardhi inavyovitaka, na iwalipe wenyewe, walio na hati na walioishi hapo kwa nia njema bila hati. Ikiwa haina fedha hizo, iseme hivyo na iwaachilie watu waendelee na maisha yao. Pili, hesabu za mradi zichapishwe kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa, ili tujue ni ndege zipi zinazotarajiwa na kutoka wapi. Tatu, serikali ya Kaunti ya Kilifi, ambayo haina mamlaka juu ya anga lakini ina mamlaka juu ya kilimo, masoko na barabara zake, ianze sasa kutayarisha shehena itakayopanda ndege hizo.

Nanyi walimu, nawasihi mlichukue jambo hili darasani. Mwalimu wa jiografia ana ramani yake, wa hesabu ana gharama zake, wa historia ana sheria ya 1908, na wa Kiswahili ana mjadala: je, mradi wa umma unaochelewa huwa na thamani gani kwa anayeusubiri? Wanafunzi wakizoea kuuliza maswali ya namna hii wangali wadogo, hawatakubali kulishwa ahadi wakiwa wapiga kura.

Namrudia msichana yule. Binti yangu, ndege kubwa hutupita juu kwa sababu njia yetu ni fupi. Njia yetu ni fupi kwa sababu ardhi ya kuirefusha ni ya watu ambao bado hawajatendewa haki, na kwa sababu waliotuahidi hawakutueleza hesabu yote. Siku jirani zenu walio kando ya ua watakapolipwa haki yao, ndipo nitakapoanza kuamini kwamba kuna ndege inayokuja. Kabla ya hapo, ukisikia mngurumo, endelea na somo lako.