Kuhifadhi Nyumba ya Mwandishi: Funzo la Kamirithu

Kuhifadhi nyumba alimokulia mwandishi ni desturi ya siku nyingi huko Ulaya. Nyumba alimozaliwa Shakespeare mjini Stratford-upon-Avon ilinunuliwa mwaka 1847 ili ihifadhiwe kwa manufaa ya umma. Desturi hiyo huchukulia kwamba nyumba ingalipo. Katika Afrika Mashariki jambo hilo si la hakika, kama unavyoonyesha mfano wa Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025).

Ngũgĩ alizaliwa Limuru, nchini Kenya. Makao yake ya kwanza hayakuwa nyumba moja, bali boma lenye nyumba za wake wanne wa baba yake, ambamo watoto walikusanyika jioni kando ya moto kusikiliza hadithi. Baadaye mama yake alihamia kwa baba yake, na wanawe wakamfuata. Mwaka 1955, aliporudi likizo kutoka shule ya Alliance, Ngũgĩ alikuta makao ya mama yake yamebomolewa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamishia watu katika kijiji kipya cha Kamirithu, ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau.

Hata hivyo, kijiji hichohicho kilikuja kuwa kituo cha fasihi. Wakulima na wafanyakazi walijenga wenyewe jukwaa la wazi, na mwaka 1977 wakaigiza hapo Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigikuyu ambayo tafsiri yake ya Kiswahili ni Nitaolewa Nikipenda. Wakati wa mazoezi, wanakijiji waliwasahihisha waandishi lugha na habari za maisha yao. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo na kumtia Ngũgĩ kizuizini. Machi 1982 polisi walilibomoa jukwaa.

Kujenga upya nyumba iliyobomolewa hakutarudisha kilichopotea. Linalostahili kuhifadhiwa kwanza ni lile lililotendeka mahali hapo: uwanja wa kuigizia, lugha iliyotumika, na masimulizi ya walioshiriki. Masimulizi hayo ndiyo ya haraka zaidi, kwa kuwa kijana aliyeigiza mwaka 1977 sasa ni mzee.

Funzo hili lahusu pia Kivu. Katika sehemu kama Bunyakiri, kaskazini mwa Bukavu, vita vimewang'oa watu makwao mara nyingi tangu mwaka 1996. Huko nako, anayetaka kuanzisha kituo cha fasihi huenda asikute kuta za kukarabati. Aanze na wazee, akiwarekodi wangali hai.